KQ ikianguka kweli, nani mwingine anaanguka nayo? Uzi wa mkata tiketi

MkataTiketi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki nzima nasoma humu watu wakibishana kuhusu Kenya Airways (KQ), na karibu kila mchango unaishia palepale: ikifa ife, Ethiopian wapo, ATCL (Air Tanzania) wapo, Waarabu wapo, tutaruka tu. Nakata tiketi hapa Posta, Dar, huu ni mwaka wa kumi na sita. Maneno hayo yana ukweli nusu. Ile nusu nyingine itatuumiza hata sisi tusio na hisa moja pale Embakasi, Nairobi, kwenye makao ya KQ, kwa hiyo naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Niseme mapema kwamba sijasikia popote kuwa KQ inafungwa. Inaruka, na leo asubuhi nimekata tiketi zake mbili. Ila hesabu zake zimekuwa za mgonjwa kwa muda mrefu mno. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 ilipoteza shilingi za Kenya bilioni 25.7, uliofuata bilioni 26.2. Mwaka 2017 madeni yakageuzwa kuwa hisa: serikali ya Kenya ikashika asilimia 48.9, mabenki yaliyokuwa yanadai yakapewa 38.1, na KLM, shirika la Uholanzi aliyeingia na asilimia 26 miaka ya tisini, akabaki na 7.8. Korona ikaja. Mwaka 2022 hasara ikafika bilioni 38 na ushee. Mwaka 2024 ikapata faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, na mimi nilifurahi kwa dhati. Kisha nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara ya bilioni 12, na sababu kubwa ni ndege zake kubwa za safari ndefu, Dreamliner, tatu kati ya tisa kuegeshwa kwa kukosa injini.

Ndege tatu tu. Shirika linalotoka kwenye faida hadi hasara ya kiasi hicho kwa sababu ya ndege tatu halina akiba ya kumeza pigo la pili. Hapo ndipo hofu yangu ilipo.

Sasa, shirika la ndege hufaje? Wengi wanangoja kuona ndege zimefunikwa maturubai. Kwa sisi tulio ndani ya biashara hii, dalili huanza kwa muuza mafuta. Shirika zima linaishi kwa mali kauli: mafuta kwa mali kauli, chakula cha ndani ya ndege kwa mali kauli, ada za viwanja, ada za kuongozwa angani, kodi ya ndege zenyewe. Siku muuza mafuta mmoja akisema "kuanzia kesho taslimu", wenzake watasikia kabla jua halijazama, na kila mmoja atataka taslimu. Swissair, shirika la Uswisi, ilikuwa ikiitwa benki inayoruka. Tarehe 2 Oktoba 2001 ndege zake zilibaki chini kwa sababu fedha ya kulipia mafuta haikuwepo. Marubani walikuwepo, abiria walikuwa wamekaa na tiketi zao mkononi.

Na fedha ya mafuta inatoka wapi? Kwenu. Abiria wa Desemba hulipa Agosti, na hela yake hununua mafuta ya Agosti. Shirika hutumia nauli za safari ambazo bado halijazifanya. Hofu ikienea, watu wanaacha kukata tiketi za mbele, na mafuta ya wiki hii yanakosa mlipaji. Ndiyo maana nachukia uvumi. Mtu anaandika "KQ kwisha" apate wasomaji, kumbe anachota maji kwenye mtungi ambao tayari umepasuka.

Mzigo wa Kariakoo

Mkuu MkataTiketi, heshima yako. Mimi ni mfanyabiashara, Guangzhou naenda mara nne kwa mwaka. KQ ikiwa bei nzuri napita Nairobi, ikiwa juu napita Addis, mara nyingine Dubai. Ikifa si nitabaki na Addis na Dubai? Bado sijaona tatizo langu mimi.

MkataTiketi

Kaka, swali zuri, na nina jibu nililoliona kwa macho.

Unakumbuka Januari 2024? Kenya iliikatalia ATCL kupakia mizigo Nairobi kwenda nchi ya tatu kwa ile ndege yetu mpya ya mizigo. Jumatatu tarehe 15 mamlaka yetu ikajibu: safari za abiria za KQ kati ya Nairobi na Dar mwisho, kuanzia tarehe 22. Nchi zikazungumza, na kabla ya tarehe 22 kufika mambo yakawa yamekwisha. Wengi wamesahau. Mimi siku ile sikunywa hata chai.

Nilikuwa na mteja, fundi wa magari makubwa, amepata mkataba Juba. Tiketi yake ya tarehe 24 ilikuwa Dar, Nairobi, Juba. Nikafungua njia ya Addis nimtafutie nafasi ya akiba. Kwenye skrini zetu nauli zina herufi, na kila herufi ina idadi ya siti zilizobaki. Tarakimu huishia 9 hata kama siti ni 50. Saa mbili asubuhi herufi ya nauli ya chini ilikuwa na 9. Saa sita mchana ilikuwa na 2. Nilipomaliza kuzungumza na bosi wake kwa simu, ikawa 0. Herufi ya juu yake nayo ikaanza kushuka.

Hakuna aliyetangaza kupandisha nauli siku ile. Nauli za chini zilikwisha tu, kwa sababu mawakala wa Dar nzima tulikuwa tunafanya nilichokuwa nafanya mimi. Na hiyo ilikuwa ruti moja, tishio la siku moja mbili, na ndege zenyewe ziliendelea kuruka.

Kwa hiyo wewe wa Guangzhou utaruka, sikatai. Ila leo unapata bei nzuri Addis kwa sababu mwenye Addis, yaani Ethiopian, anajua Nairobi ipo. Siku akijua haipo, hana haja ya kukuacha na ile herufi ya chini.

Kijana wa Embakasi

Ndugu zetu wa Tanzania, hamjambo. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia ndege hapa JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi. Si KQ iliyoniajiri, ni kampuni inayohudumia mashirika ya kigeni. Watu hudhani sisi tutaponea kwa sababu ndege zetu ni za wageni. Acha nieleze.

Uwanja huu unapumua kwa mawimbi. Jioni ndege za KQ huingia kutoka Entebbe, Kigali, Bujumbura, Lusaka, Lilongwe na kwingineko, zikimwaga watu na mizigo, halafu karibu na usiku wa manane zile kubwa huondoka kuelekea Ulaya. Kabla ya alfajiri mambo hugeuka, wa ng'ambo hushuka na zile ndogo huwatawanya. Zamu zetu zimepangwa kufuata wimbi hilo. Hata mama anayetuuzia chapati na madondo nje ya lango hupika kufuata wimbi hilo, saa kumi na moja jioni sufuria yake ya kwanza huwa imeisha.

Ukiliondoa wimbi, ndege za wageni hubaki, moja saa hii, nyingine baada ya saa nne. Matrekta yaleyale, ngazi zilezile, watu walewale waliofunzwa, lakini ndege chache za kugawana gharama. Mwajiri wangu hawezi kubaki na sisi wote. Na uwanja wenyewe unalipa madeni yake kwa ada za kutua na ada za abiria. Zikipungua, wanaobaki ndio watakaoongezwa.

Nimeona wenzangu wakisema acha ife tuanze upya. Nina watoto wawili shuleni. Sijui "upya" huo utachukua miezi mingapi.

MkataTiketi

Ndugu yangu wa Embakasi, asante sana. Hilo wimbi ulilolieleza ndilo moyo wa uzi huu, na naomba kila mtu arudie kulisoma.

Abiria wa KQ ni wa aina mbili. Wa kwanza anatoka Nairobi au anakwenda Nairobi kwa shughuli zake. Huyu hata KQ ikifungwa Ijumaa, Jumatatu kuna mtu anamgombania, maana Nairobi ni mji mkubwa na una fedha. London, Dubai, Amsterdam, Johannesburg zitajazwa. Abiria wa pili hana haja na Nairobi kabisa. Anatoka Bujumbura kwenda Accra, au Lilongwe kwenda Paris, na Nairobi anabadilisha ndege tu. Huyu hana wa kumgombania.

Someni habari ya Budapest. Malév, shirika la Hungary, lilisimama tarehe 3 Februari 2012. Ndani ya wiki chache Ryanair wakaleta ndege, Wizz Air wakaongeza za kwao, na kwa wenyeji wa mji nauli za Ulaya hazikuwa mbaya. Uwanja ulikuwa na abiria milioni 8.9 mwaka 2011, ukashuka hadi milioni 8.5 tu mwaka 2012. Anayetazama tarakimu hizo pekee atasema mambo yalikwenda salama. Lakini mashirika ya bei nafuu huchukua mtu kutoka hapa hadi pale, basi. Abiria wa kuunganisha waliyeyuka, na ifikapo mwisho wa Mei jengo moja la abiria likafungwa. Budapest ilibaki mji unaofikiwa, haikuwa tena mji wa kupitia.

Sasa Hungary imezungukwa na Vienna, na Munich haiko mbali. Mtu anapanda treni. Wa Bujumbura apande nini?

Ruti kama Bujumbura, Juba, Lilongwe au Moroni hazijazi ndege kwa abiria wa Nairobi pekee. Zinaishi kwa kuwa kwenye ndege hiyohiyo kuna wanne wanaokwenda London, watatu wanaokwenda Mumbai, wawili Guangzhou. Ukikata shina la Nairobi, kila tawi lina watu kumi na tano na halilipi. Mwenye Addis atachukua baadhi na RwandAir atachukua baadhi kupitia Kigali. ATCL yetu ina nafasi hapa pia, nami ningependa sana ikaichukua, lakini kwa ndege zipi? Na zetu pia tumeshaona zikikaa chini kwa ajili ya injini.

Minofu Mwanza

Shikamooni wakubwa, marahaba kwa wadogo. Niongeze la samaki. Minofu ya sangara ya Mwanza kwa miaka mingi imepanda malori hadi Nairobi ndipo inaruka kwenda Ulaya. Mtu wa Dar haoni, sisi tunaona, lori la barafu linaondoka usiku kupita Sirari. Je, hiyo nayo inakufa?

MkataTiketi

Marahaba mkuu. Hapa nikupoze kidogo. Minofu yenu na maua ya Naivasha kwa sehemu kubwa hupanda ndege za mizigo tupu, na nyingi ni za mashirika ya kigeni. Hizo hazifungwi kwa KQ kufungwa. Kinachopotea ni tumbo la ndege za abiria. Chini ya miguu ya abiria wa Dreamliner kuna tani kadhaa za samaki, maharage mabichi, maparachichi. Mzalishaji mkubwa ana mkataba na ndege ya mizigo. Mdogo mwenye tani moja na nusu hutegemea lile tumbo, na ataumia kabla ya wakubwa. Wakubwa nao watalipa zaidi, kwa sababu walewale wa tani moja na nusu watahamia kugombania nafasi kwenye ndege za mizigo.

Naona kuna waliouliza kuhusu Precision Air, shirika jingine la hapa Tanzania. Naomba hili tulizungumze taratibu kwa sababu kuna ajira za ndugu zetu humo. KQ ina hisa karibu asilimia 41 za Precision Air, tangu ilipoingia mwaka 2003 na kupungua kidogo baada ya hisa kuuzwa kwa umma 2011. Swissair nayo ilikuwa na asilimia 49.5 za Sabena ya Ubelgiji. Swissair ilipoishiwa Oktoba 2001, fedha iliyoahidi Sabena haikuja, na Sabena ikafilisika Novemba hiyohiyo. Sisemi Precision ni Sabena. Precision ina abiria wake wa ndani, Bukoba, Mwanza, Kilimanjaro, na hao hawatoki Nairobi. Lakini mwenye hisa asilimia 41 akiwa anafilisiwa, hisa hizo huingia kwenye mikono ya msimamizi wa ufilisi, naye kazi yake ni kutafuta fedha za wadai. Atamuuzia nani? Mtu huyo anataka kuruka Bukoba au anataka nini? Hayo ni maswali ya Dar, si ya Nairobi.

Kingine kisichosemwa: wakodishaji wa ndege. Mkataba wa Cape Town wa 2001, ambao Kenya na sisi tumo, unampa mwenye ndege njia ya haraka ya kuifuta kwenye daftari la nchi na kuondoka nayo. Ndege yenye usajili wa 5Y, yaani wa Kenya, inaweza kuwa jangwani imeegeshwa huku wafanyakazi bado wanasubiri mshahara wa mwisho. Na yule mkodishaji, akija kesho kuzungumza na shirika lolote la ukanda huu, atakuwa na bei nyingine na atataka dhamana kubwa zaidi.

Mzee wa Upanga

Vijana, mimi nilikuwepo 1977. East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, lilikuwa na makao yake huko huko Embakasi. Serikali tatu zikashindwana nani alipe nini, na mapema mwaka ule ndege zikasimama. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa Februari, ukaja kufunguliwa 1983. Zile Super VC10 nne, ndege ambazo tulikuwa tunapanda juu ya paa la nyumba kuzitazama zikishuka, zilirudishwa Uingereza, na jeshi lao la anga likazigeuza za kujazia mafuta ndege nyingine angani.

Sisi tukaanzisha Air Tanzania Machi mwaka huohuo, tukiwa karibu mikono mitupu. Mafundi wengi walikuwa Nairobi. Vipuri vilikuwa Nairobi. Kitu ambacho sijasahau ni mafundi wetu waliorudi Dar na masanduku ya zana, wanajua kufungua injini ya ndege ambayo hapa haikuwepo. Mmoja alikuwa jirani yangu. Alimaliza maisha yake akitengeneza majokofu.

MkataTiketi

Shikamoo mzee wangu. Huu mchango wako ndio nilioukosa.

Ujuzi ndio kitu ambacho hakihamishwi kama siti. Karakana ya KQ imefundisha wahandisi wa ukanda wote, na marubani wake Ghuba inawajua kwa majina. Rubani mwenye saa za Dreamliner hatakaa mwezi bila kazi, atakwenda Doha au Dubai na familia yake. Fundi mwenye leseni naye ataondoka. Nchi itakayotaka kuanzisha shirika jipya mwaka wa pili itawarudisha kwa mshahara gani?

Afrika Magharibi walipitia hili. Air Afrique iliundwa na nchi 11 mwaka 1961, ikafa 2002. Mpaka ASKY inaanza kuruka kutoka Lomé mwaka 2010, kwa mkono wa Ethiopian, ilikuwa imepita miaka minane. Katika miaka hiyo wapo waliotoka mji mkuu mmoja kwenda wa jirani kwa kuzungukia Casablanca au Paris. Ndiyo maana nikisikia "litaanzishwa jingine" nauliza: lini?

Msimamo wangu, kwa anayeutaka: Kenya ipunguze shirika hili mpaka lifikie ukubwa linaoweza kuulipia, hata kwa kuacha ruti za fahari, lakini lile wimbi la jioni lilindwe kwa gharama yoyote. Ruti ya New York naipenda kama wengine, ila Nairobi na Bujumbura ndiyo iliyofanya Nairobi iwe Nairobi. Na mlipakodi wa Kenya ana haki ya kukasirika, maana mkopo wa Dreamliner uliodhaminiwa na serikali umemwangukia yeye.

Bint Tanga

Samahani kaka MkataTiketi, mimi hayo ya hisa siyajui. Mama yangu ana tiketi ya Desemba, Dar, Nairobi, Mumbai, kwa matibabu ya moyo. Tumelipa kwa simu. Nimesoma huu uzi nimeshindwa kulala. Nimnunulie nyingine?

MkataTiketi

Dada yangu, usinunue nyingine. Pole kwa kukosa usingizi, haikuwa nia yangu.

Fanya hivi. Angalia namba ya tiketi, ina tarakimu 13. Kama inaanza na 706 imetolewa na KQ yenyewe. Hakikisha Dar hadi Mumbai na kurudi vyote vimo kwenye namba hiyohiyo moja, visiwe tiketi mbili zilizounganishwa na wakala. Kwa kuwa mmelipa kwa simu, hamna benki ya kuirudisha hela kama ambavyo mwenye kadi angeweza kudai, kwa hiyo tunza risiti na ujumbe wa muamala. Shirika likifilisika, abiria anaingia kwenye foleni ya wadai, tena nyuma kabisa, na asiye na karatasi hana hata foleni.

Ukiniuliza nitajuaje mambo yameharibika, jibu ni rahisi. Mashirika hulipana kupitia dawati moja la IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani. Siku wengine wakikataa kupokea tiketi za 706, mimi nitaona kwenye skrini kabla ya gazeti. Leo mchana nimejaribu, zinapokelewa kama kawaida. Na ATCL wanaruka Dar hadi Mumbai moja kwa moja, kwa hiyo mlango wa pili upo. Mwezi wa kumi na moja ukianza nitafute ujumbe wa faragha, nitaangalia nauli zao siku hiyo tuwe na mpango wa akiba.

Halafu kuna jambo la kufanya sasa hivi ambalo halihusiani na mabilioni yote haya. Kama mama hawezi kutembea umbali mrefu, kiti cha magurudumu kinaombwa mapema, angalau saa 48 kabla ya safari. Pale JKIA kutoka geti moja hadi jingine ni mbali kwa mgonjwa wa moyo. Nitumie namba ya tiketi nikuwekee ombi hilo usiku huu.